Maneno Kumi na Mawili ya Pesa ya Mchele

Pesa ya mchele ilikuwa yangu. Niliipata kwa kukaa sokoni Tunduma, mtoto mgongoni, nikipima mchele wa Kamsamba kilo kilo na nusu kilo. Nilimpa mume wangu anitunzie, kwa sababu nilijidanganya kwamba mtu anayebadilisha fedha mpakani kutwa nzima anajua kutunza fedha.

Alhamisi nikamwambia naihitaji. Mama mmoja wa Kamsamba, ambaye nanunua kwake tangu nianze biashara, alikuwa amenishikia gunia kumi na tano mpaka Jumamosi. Ikipita hapo anamuuzia mwenye lori, na mimi nakaa bila mzigo msimu mzima.

Mume wangu akakohoa. Nikajua kuna jambo.

"Mama watoto, hela ipo. Ila haipo kwenye shilingi."

"Ipo kwenye kwacha?"

"Hapana."

"Kwenye nini sasa, maharage?"

Ikatoka pole pole. Wazambia anaofanya nao kazi Nakonde, ng'ambo ya mpaka, walikuwa wamemfundisha kununua dola za mtandaoni, sarafu ambayo haishikiki mkononi na bei yake inafuata dola ya kweli. Miezi minane iliyopita akaona shilingi zangu zimelala tu, akazigeuza zote. Hakuniuliza. Zingekuwa zake angeitisha kikao cha ukoo.

Kisha likaja la pili. Zilikuwa zinafunguliwa kwa ile simu yake iliyochomoka mfukoni Jumanne akiwa kwenye bodaboda, ikakanyagwa na tairi la lori kwenye foleni ya mpakani. Siku ile nilimpa pole. Nilidhani analilia simu.

"Lakini usiogope," akasema, "nina karatasi."

Akaitoa kwenye bahasha ya cheti chetu cha ndoa. Ilikuwa na maneno kumi na mawili ya Kiingereza, maneno ya kawaida kabisa kama ya mtoto wa darasa la nne, yamepangwa moja juu ya jingine. Sitayataja hapa, sijachanganyikiwa. Alisema ukiwa nayo unafungua pesa zako kwenye simu yoyote duniani. Akayaingiza kwenye simu ya kuazima, mbele yangu. Simu ikakataa. Akarudia. Ikakataa. Mara ya sita jasho lilikuwa linamdondokea kwenye kioo.

Akaandika kwenye kundi la mtandaoni la wenye sarafu hizo kwamba amekwama. Dakika tatu hazikuisha, akajitokeza mtu mwenye picha ya nembo na Kiswahili cha kupigwa pasi: "Habari ndugu mteja, pole kwa changamoto. Tutumie maneno yako kumi na mawili tuyahakiki upande wetu."

Mume wangu akaanza kumwandikia. Alikuwa amefika neno la nne, hajabonyeza kutuma, nilipompokonya simu kwa nguvu hadi mtoto akaamka.

"Anatusaidia huyu!"

"Benki wakikuomba namba ya siri, unawapa?"

"Hii siyo benki."

"Basi huyo mtoa huduma ni wa wapi?"

Nikayafuta yale maneno manne moja moja. Nilitamani kumpiga.

Ijumaa asubuhi nikamburuta kwa shoga yangu niliyesoma naye mpaka kidato cha nne. Anafanya kazi kwenye ofisi ya kutoa mizigo forodhani, na wateja wengine humlipa kwa sarafu hizo hizo. Aliwahi kuliwa pesa na matapeli, kwa hiyo anajua.

"Shemeji, kaa chini," akamwambia. "Kwanza pesa haikuwa ndani ya simu. Ingekuwa humo, lile tairi lingekuwa limeshaila."

Nilivyoelewa mimi ni hivi. Fikiria daftari la kikoba, kile chama chetu cha kuwekeana akiba. Sisi letu anakaa nalo mwekahazina, akitaka kutuibia anachana ukurasa. Sasa fikiria kila mwanachama ana nakala yake nyumbani, na kila ukurasa mpya una alama inayotokana na ukurasa uliotangulia. Ukibadilisha mstari mmoja wa zamani, alama zote za mbele zinagoma, na nakala za wenzako zinakuumbua. Ndilo daftari la sarafu hizo, ila wanachama ni kompyuta zilizotapakaa duniani. Pesa yangu ilikuwa mstari humo. Daftari halikujua jina langu wala la mume wangu, lilijua ufunguo tu. Na ufunguo unazaliwa na yale maneno kumi na mawili, kwa mpangilio ule ule.

"Nikiyapoteza, namlalamikia nani?" nikauliza.

"Hakuna mtu."

"Nikimpa mwizi?"

"Anakuwa mwenye mali. Daftari halimjui mwizi."

"Na hiyo dola yenyewe nani kaisimamia?"

"Kampuni inasema ina dola za kweli zimekaa mahali. Siku ikionekana hazipo, umebaki na herufi. Na hapa kwetu siyo pesa halali ya kwenda nayo dukani."

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa ameshaitoa ile karatasi mezani.

Shoga yangu akanisogezea karatasi tuhakiki herufi. Herufi zilikuwa sawa. Kilichonisumbua ni mwandiko. Maneno ya juu yalikuwa yamebanwa, madogo, la juu kabisa limepanda ukingoni. Ya chini yalikuwa makubwa, yamekaa kwa raha. Mtu akiandika orodha huanza kwa raha, kubana kunakuja mwishoni.

Hapo nikakumbuka karatasi zake ninazozitoa mifukoni kabla ya kufua. Yeye na wenzake pale mpakani huandika bei ya kwacha kuanzia chini kwenda juu. Bei ya asubuhi inakaa chini, ikibadilika wanaandika juu yake, karatasi imekunjwa kiganjani ili mpya ionekane na za zamani zifichwe na vidole.

"Wewe," nikamwambia, "neno la kwanza uliliandika wapi?"

Akaiangalia karatasi kama hajawahi kuiona. "Mungu wangu. Chini."

"Miezi minane tu, umesahau mkono wako unavyoandika!"

Tukaanza kuyaingiza kutoka chini. La kumi na mbili lilipoingia, simu ikafikiri kidogo, kisha ikafunguka. Pesa ilikuwepo. Yote. Mume wangu akafunika uso, shoga yangu akapiga kigelegele hadi bosi wake akachungulia mlangoni. Mimi nikakaa kwenye katoni za mizigo ya watu.

"Msishangilie, bado hamjazishika," shoga yangu akasema.

Tukamwita mnunuzi wa mahindi wa Nakonde ambaye mume wangu amefanya naye kazi miaka mingi, siyo mtu wa mtandaoni. Naye huzitaka dola hizo kwa malipo yake, akaja na kwacha mkononi. Tukamtumia kidogo kwanza, maana ukikosea anwani hakuna wa kukurudishia. Nilisoma herufi za mwanzo na za mwisho za anwani yake kwa sauti, moja moja. Ilipoonekana kwenye simu yake, tukahesabu kwacha, ndipo tukajiandaa kutuma zilizobaki.

"Tubakize hata kidogo, mama watoto," mume wangu akanong'ona. "Shilingi ikishuka?"

"Ikishuka, itashuka nikiwa na mchele. Toa zote."

Mzambia akacheka. "Shemeji ndiye bosi." Mume wangu akabonyeza.

Alasiri, kwacha zilipokuwa zimeshageuzwa shilingi, na safari hii mume wangu kazi yake ameifanya vizuri, nikampigia mama wa Kamsamba.

"Ulikuwa kimya, mwanangu. Mwenye lori ameshanipigia mara mbili."

"Mama, usimpokee tena. Nakutumia sasa hivi. Pakia."

"Zote kumi na tano?"

"Zote."

Nikamsikia anawaita watu wake walete kamba. Nilibaki nimeshika simu sikioni hata alipokuwa ameshakata, nikipumua.