Mke Mwenza Mwenye Magurudumu Manne

Kabla hajalipenda lile gari, Mselem alilipigania. Lilikuwa Celica jekundu la kizamani, la milango miwili, limelala kwenye uwanja wa skrepa kule Turffontein, kuku wametagia kiti cha dereva. Mzee mmoja wa Kireno alikwisha kushika bampa ya mbele. Mselem akashika ya nyuma.

"Nimelitangulia," alisema Mreno.

"Umetangulia mbele. Nyuma nimetangulia mimi."

Mreno akamtia ngumi ya jicho. Mselem, mlinzi wa duka kubwa, mtu anayelipwa mshahara ili apigwe kwa niaba ya matajiri, akamrudishia kwa kichwa. Jino la Mreno likabaki palepale kwenye skrepa, na gari likaja likiburutwa hadi Bellevue, mtaa wa wageni alikopanga.

Mkewe, Mwanaharusi, alitoka jikoni na mwiko, akalizunguka.

"Baba Sumaiya, hii ndiyo maiti uliyopigiwa jicho?"

"Si maiti. Ni mgonjwa."

"Haya. Mgonjwa wako alale nje."

Tangu siku hiyo akaliita mke mwenza, na kwa haki: lilivalishwa kabla yake, likapakwa mafuta kabla yake, na lilipougua, mume hakula.

Wako watu wa burudani za upole, wanaofuga njiwa au kunywesha maua maji. Burudani ya Mselem ilikuwa vita. Kila siku ya mapumziko alilikung'uta bati kwa nyundo hadi nyumba nzima, iliyogawanywa vyumba kama keki ya harusi ya maskini, ikatetemeka. Alipokata kutu kwa grainda, cheche zilirukia kamba ya Léocadie, msusi wa chumba cha mbele, zikaunguza mawigi matatu ya wateja. Léocadie akamfukuza uani akiwa na kitana cha moto, akampiga muhuri wa shingo ambao haujafutika mpaka leo.

Injini ilifungwa na Pitchou, fundi wa Bukavu aliyepanga chumba cha nyuma. Jumapili Pitchou alikuwa shemasi. Siku nyingine alizitukana boliti kwa Kifaransa. Naye walishapigana, mara moja kwa spana, mara moja kwa mfuko wa unga.

Ikafika wiki ambayo gari lilisimama limekamilika, linang'aa kama dhambi mpya. Jumapili wenye magari ya kale wangekusanyika Turffontein, na Mselem alitaka kitu kimoja tu duniani: afike huko akiwa kwenye usukani, apite mbele ya Mreno mwenye pengo, apige honi.

Jumamosi asubuhi akachinja jogoo, akayanyunyizia magurudumu yote damu. Kwao Tanga ndivyo wazee walivyomfunza: chombo kipya hakitoki kikavu. Kikitoka kikavu, kitajitafutia damu chenyewe.

Pitchou alipoona, nusura azimie.

"Mselem! Miye nafunga moteri na mikono yangu, we unaletea mapepo?"

"Ni sadaka, bwana wee."

"Sadaka ya nani? Hii gari haitoki na damu. Kwa jina la Yesu, haitoki!"

"Itatoka. Na wewe utasukuma."

Mselem akaenda kazini. Aliporudi jioni, magurudumu yalikuwa safi, hayana hata tone, na ua wote unanukia mafuta ya zeituni. Pitchou alikuwa kibarazani, mpole kuliko kawaida yake. "Nilisafisha tu, ndugu yangu." Mselem alitaka kumvunja taya, lakini taya la shemasi lingeweza kungoja. Kesho ilikuwa Jumapili.

Asubuhi injini iliwaka kwa mara ya kwanza, ikaunguruma hadi Léocadie akatoka na rola kichwani akapiga vigelegele. Mselem akasogeza gari taratibu hadi getini, likasimama lenyewe kwenye tambarare kabla hajakanyaga breki, akashuka kufungua. Mlinzi huyu, ambaye kila siku huwaambia wateja, "Mama, usiache gari likiwaka getini," aliliacha linawaka getini.

Vijana wawili wakaibuka na bastola.

"Eish, baba, funguo ziko ndani? Asante."

Mselem akamng'ata mmoja mkono. Akapigwa kitako cha bastola mdomoni, jino likaruka. Gari likaondoka, akaidaka bampa ya nyuma, ileile ya siku ya kwanza, akaburutwa barabarani, suruali ikaisha, ngozi ya magoti ikafuata. Kwenye kona mikono ikaachia.

Kutoka hapo barabara inashuka kama ngazi. Chini, roboti, yaani taa ya kuongoza magari, ilikuwa nyekundu. Gari halikupunguza hata kidogo. Lilipita nyuma ya teksi iliyojaa watu, likapanda kando, likajibamiza kwenye ukuta wa spaza, kile kiduka cha mtaani. Dereva alitoka kwa njia ya kioo. Mwenzake alikimbia, mkono ukining'inia kama soksi.

Mselem alipofika akichechemea, umati ulikuwa umeanza kumfunza dereva dini kwa mateke. Nyuma yake akaja Pitchou, mikono juu.

"Bwana amepigana! Breki zimewakatala!"

Mselem akageuka polepole. "Umejuaje ni breki?"

"Nilifungua magurudumu yote. Nikapakaa breki mafuta ya maombi. Chupa nzima!"

Ilimchukua Mselem muda kuelewa ni nani angetoka kwa njia ya kioo asubuhi ile. Alipoelewa, alimpiga Pitchou ngumi ya taya lililokuwa likingoja tangu jana.

"Nimekuokoa, mjinga!" Pitchou akamrudishia.

"Umeniulia gari!"

Umati ukamwacha mwizi, ukaja kuangalia. Wageni wawili wanaopigana kwa Kiswahili ni tamasha. Mwizi akatambaa akapotea, akiwa mtu pekee siku ile ambaye maombi yalimfaa.

Mwanaharusi akafika, akatazama boneti iliyokunjamana, damu iliyotapakaa magurudumuni.

"Limejitafutia," alisema. "Bado linapumua?"

Jumatatu Mselem alikwenda Turffontein kwa miguu iliyofungwa bendeji, kutafuta boneti. Ilikuwapo moja, nyekundu. Mreno alikuwa ameishika upande mmoja.

Wakatazamana, pengo kwa pengo. Mselem akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka chini. Kisha akashika upande wa pili.