Filamu za Mama za Wafu Waliorudi

Karanga mbichi zikichemshwa kwa chumvi, harufu yake hunirudisha nyumbani kwetu Mabatini, Jumapili mchana, tumetoka kanisani, na mama ameshavua viatu anaweka sidii kwenye deki. Alipenda filamu za Kinigeria za wafu: mke mkubwa kazikwa, udongo haujakauka, karudi mlangoni anaita watu kwa majina.

Mimi nilikuwa na miaka tisa, na mazombi nilikuwa nimeshayaona kwenye kibanda cha video cha jirani. Mfu wa filamu za mama hakunitisha.

"Mama, si unga wa sembe ule usoni kwake? Na shingoni haukufika!" Nilicheka mpaka nikapaliwa na karanga.

Mama hakucheka. Kwetu maiti hachekwi, hata wa kwenye runinga.

"Hayo mazombi yenu yana nini? Mtu usiyemjua anakimbia anang'ata watu, huyo si kichaa tu? Wa kutisha ni yule uliyemzika mwenyewe. Hebu toka, kaoshe vyombo."

Basi kila Jumapili nikawa naosha vyombo uani, huku ndani dada yangu Modesta, aliyenizidi miaka mitatu, akipiga mayowe: "Mama, nishike!" Na mama: "Njoo huku, mwanangu." Nilichungulia dirishani nikawaona wamejifunika kanga moja. Niliwaonea wivu. Siku moja niliyamwaga maji ya vyombo kwenye viatu vya Modesta vya kanisani, makusudi kabisa. Nilichapwa, na sikujuta.

Mama tumemzika mwaka huu, kwao Magu. Tulipokwisha kuanua tanga, tukiwa tunakunja nguo zake, nilimwambia Modesta, "Wewe uoga wako ulikufaidisha."

"Uoga gani? Unga hata mimi niliuona. Sasa nicheke, na mama anatetemeka peke yake?"

Miaka yote ile nilikuwa namwonyesha mama kwamba siogopi, nikidhani atanisifu. Yeye alitaka mtu wa kuogopa naye. Dada alilijua hilo akiwa na miaka kumi na miwili. Mimi nimelijua mama hayupo.

Watu husema msiba humaliza wivu wa ndugu. Wangu haujaisha. Modesta akianza kulia, namwangalia na kumwonea wivu: ana mengi ya kulilia kuliko mimi.