Mkwe Wangu Alishindwa Kunitamkia Kwamba Nimekufa

Amani iwe kwenu nyote mnaosoma ukurasa huu. Msimamizi, nakushukuru kwa kukubali kulificha jina langu, maana hapa mtaani Mabatini ninafahamika. Nina umri wa miaka sabini na miwili, ni mgane, mzaliwa wa Kagera, na sehemu kubwa ya maisha yangu nimekuwa katekista. Sasa naishi kwa binti yangu, nitakayemwita Koku, na mume wake, kijana wa Kisesa aliyelelewa vizuri. Naandika kwa uchungu, kwa sababu sijui tena ni neno lipi la mkwe wangu nilipokee kama lilivyo.

Kila Jumapili baada ya misa ya pili, mezani kwetu huchezwa mchezo wa hadithi. Kila mchezaji hujitwalia mhusika, na mmoja wao, anayeitwa msimulizi, huwaongoza wenzake katika nchi ya mapango na majoka. Panapotokea hatari dadu hurushwa, na kitabu cha kanuni ndicho huamua nani ameumia na nani amekufa. Mwanzoni nilidhani ni ushirikina. Nikaomba kile kitabu, nikakisoma chote, nikakuta humo masharti, adhabu na udhuru, vimepangwa kwa akili kama sheria za Kanisa nilizofundishwa chuo cha makatekista. Nikaomba kiti. Mkwe wangu akiwa msimulizi, mimi nikawa mtawa mponyaji, na tangu marehemu mke wangu aondoke, hapo ndipo nilipoanza tena kuisubiri Jumapili kwa furaha.

Siku moja katika mchezo tulishambuliwa na joka tukiwa darajani. Mkwe wangu alirusha dadu ya kuamua moto umpate nani, nyuma ya boksi la kuificha, kama msimulizi anavyoruhusiwa, akamtazama Koku, kisha akasema moto umempata mpiga upinde wa Koku, naye amekufa. Koku alilia machozi ya kweli. Nikamwambia kwamba sheria ni sheria, na kwamba asimnunie mumewe kwa jambo lililoamuliwa na dadu.

Wiki iliyopita ikawa zamu ya jirani yetu, muuza vipuri, ambaye hucheza nasi. Mhusika wake alitumbukia shimoni, akaomba ahurumiwe. Mkwe wangu akafungua kitabu na kumsomea kifungu: hakuna kupona. Jirani akasukuma kiti nyuma.

"Kwangu kitabu, kwa Mzee huruma," akasema. "Shemeji, siku ya joka nilikaa ubavuni kwako, dadu niliiona. Aliyekufa ni Mzee. Wewe ukaenda kumuua mkeo."

Nilidhani anatania. Amezoea kuniambia kwamba mimi sifi kwa kuwa huko juu bado hawajapata nafasi kwenye kwaya. Lakini hakuna aliyecheka. Nikamuuliza mkwe wangu kama ni kweli. Akajibu kwamba kitabu chenyewe kinampa msimulizi uhuru wa kuiacha kanuni pale hadithi inapohitaji.

"Hadithi ilihitaji nini?" nikamuuliza.

Akainamisha kichwa. "Nilishindwa, Baba. Mimi nimtazame baba mkwe usoni nimwambie umekufa? Ulimi ulikataa."

Koku akasema taratibu kwamba hata yeye, aliyekuwa amekaa upande wa pili wa mumewe, aliiona dadu, na kwamba alimwashiria mumewe kwa macho amtoe yeye. Nikataka kujua, kama alijitoa kwa hiari, machozi yale yalikuwa ya nini. Akainuka, akaenda jikoni, akafungulia maji.

Msidhani nimekasirikia uhuru wa msimulizi. Kanisani pia mtu aweza kuondolewa sharti kwa sababu nzito. Lakini huambiwa. Hukaa mbele ya aliyemwondolea, akajua alichodaiwa na alichosamehewa. Mimi nilisamehewa kwa siri, mwanangu akabebeshwa adhabu yangu, nami nikaketi pale nikimhubiria utii. Wote mezani walijua isipokuwa mimi, mwenye mvi. Walifanya hivyo kwa heshima, na heshima hiyo imenifanya mtoto.

Ningeweza kuyameza hayo. Lakini tangu siku ile kuna jambo jingine linanikosesha amani. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikipelekwa hospitali kwa ajili ya tumbo. Kwa desturi ya nyumba yetu, mimi hubaki kwenye benchi na mkwe wangu ndiye huingia kusikiliza majibu. Kila mara hutoka akitabasamu. "Ni vidonda tu, Baba. Dawa zitamaliza." Dawa nimezinywa, na suruali zangu sasa nazifunga kwa kamba. Juzi Koku akaniuliza, akiwa amenipa mgongo, kama sitapenda kupanda meli kwenda Bukoba nikakione kibanja chetu, lile shamba la migomba la ukoo, akaongeza kwamba ndugu zake wote wameomba likizo ili tuende pamoja. Watoto wangu hawajawahi kupata likizo wakati mmoja, hata mama yao alipougua.

Ninyi mliowahi kufichwa, na ninyi mliowahi kuficha kwa upendo, semeni nami. Nimkalishe mkwe wangu na kumwuliza, nami namjua kwamba ulimi wake utakataa tena? Au niende peke yangu, niketi mbele ya daktari, nimwombe anisomee majibu bila huruma? Nikifanya hivyo nitakuwa nimewaambia wanangu kwamba neno lao silihitaji tena, nami bado nahitaji mkono wao wa kunishika. Kufa sikuogopi, nimewaandaa wengi kwa saa hiyo na najua sala zake. Naogopa kuingia katika saa hiyo nikiwa nimechangamka, nikiuliza habari za migomba, huku wote walionizunguka wameshalia na kumaliza.

Nielekezeni. Nianze na yupi, daktari au mkwe?