Shehe Aliposhuka Garini Namasakata

Siku yangu ya kwanza kazini Songea, Mkuu wa Kitengo alinipa sharti moja. "Habari ya msiba haipelekwi na mtu mmoja, kijana. Kwa Wakristo nenda na padri, kwa Waislamu nenda na shehe. Wakimwona tu, nusu ya maneno umeshayasema." Kazi yenyewe tuliiita kubisha hodi: kuifikia familia ya askari aliyefia vitani ugenini kabla uvumi haujatangulia.

Vita ilikuwa ya nchi jirani, nasi tulikwenda kusaidia kwa miezi michache. Miaka ikapita. Nilibisha hodi Hanga, nikabisha Tunduru, mpaka watu wa njia ile wakalichukia gari langu.

Baadaye nikahamishiwa makao makuu, kusoma taarifa za vifo mbele ya wakubwa. Ninyi vijana mnadhani viongozi huondoka vitani wakishajua hawawezi kushinda. Hilo walilijua zamani. Kilichowashinda ni la kuwaambia wananchi. "Tukiondoka sasa," aliuliza mmoja, "waliokufa tutasema walifia nini?" Basi wengine wakaendelea kufa ili wa kwanza wasionekane wamekufa bure. Inaniuma mpaka leo.

Hatimaye wakakubaliana kusema kazi imekwisha. Nikashusha pumzi. Ndipo mheshimiwa aliyeongoza kikao akasema, "Tangazeni leo. Ila warudi siku ya gwaride, niwapokee mwenyewe. Wasiingie kimyakimya kama walioshindwa."

"Mheshimiwa, kule bado wanashambuliwa," mkuu wangu alijaribu.

"Wamevumilia miaka, watashindwa na wiki chache?"

Katika wiki hizo akauawa kijana wa Namasakata. Kwa kuwa njia ile niliijua, nikatumwa tena kubisha hodi, nikampitia shehe mmoja wa Tunduru mjini.

Mama wa marehemu alikuwa amesikia tangazo redioni. Tena alikuwa ameweka nadhiri kwamba mwanawe akirudi atasomesha maulidi. Tulimkuta anapeta mchele. Majirani walipotuona walirudi nyuma, lakini yeye alipomwona shehe anashuka, aliinuka akatandika mkeka.

"Karibuni. Alhamdulillahi, shehe umewahi, hata mbuzi hatujachinja." Akachungulia garini. "Na mwanangu mmemwacha wapi?"

Nimestaafu sasa. Gwaride nililitazama kwenye televisheni, lilipendeza. Vijana wakishaniamkia huniuliza kama vita ile tuliishinda. Namkumbuka yule mama. Shehe alipomaliza kumweleza, hakulia. Alinigeukia mimi niliyevaa sare, akaniuliza taratibu, "Baba, si mlisema imekwisha?"