Ednah na Lebo za Blanketi

Ednah anauza blanketi Kinoru, karibu na uwanja wa mpira. Zamani alikuwa anashona sweta za shule kule Kaaga. Siku moja mwenye kazi akamletea bahasha ya lebo, zimeandikwa manyoya ya kondoo matupu. Uzi wenyewe ulikuwa nailoni. Akakataa kuzishona, akafukuzwa. Hayo anayasema yeye. Mimi sikuyaamini. Mwenye kuuza akijisifia ukweli, shika mfuko wako.

Nilikuwa na sababu. Mutegi wa Kanja alipokuja kumposa binti yetu Nkirote, alileta blanketi ya mama mkwe, vile desturi inataka. Aliinunua kwa Ednah. Akasimama mbele ya wazee akasema, "Hii ni manyoya ya kondoo, hakuna kingine." Tukapiga makofi. Mimi sijui kusoma.

Kathure, mke wangu, alijifunika hiyo blanketi miaka sita. Mwaka huu, mwezi wa saba, baridi ilimwingia kifuani. Tukamzika.

Baada ya matanga nikachomoa uzi, nikauchoma. Manyoya huungua kama nywele, yanabaki majivu. Huu ulinuka nywele kidogo tu, halafu ukayeyuka, ukawa donge jeusi. Nikataka kujua nani alimwacha mke wangu alale na baridi.

Nikabeba hiyo blanketi hadi Kinoru. Nikakaa kando nimwangalie kwanza. Kila mnunuzi, Ednah anageuza pindo na kumsomea lebo kwa sauti, hata asiyeuliza.

"Pamba nusu, nailoni nusu. Sheria inataka iandikwe. Na wewe umeacha miwani nyumbani, basi nakusomea."

Nikasema moyoni, huyu mwizi ni mwerevu.

Akaniona. "Mzee, umekaa hapo tangu saa tatu. Unanunua ama unalinda?"

"Mke wangu amekufa akijifunika plastiki yako," nikasema. Watu wakageuka. Nilitaka wageuke.

Hakubishana. Akashika pindo, akasoma: manyoya thelathini kwa mia, nailoni sabini.

"Hiyo umejisomea wewe," nikamwambia. Nikampelekea mama wa duka la dawa pale jirani. Akasoma vile vile.

Nikarudi. "Basi mwongo ni Mutegi. Jumamosi anakuja kwangu. Nitamrudishia hii kitu mbele ya wazee."

Ednah akashusha sauti. "Baba Nkirote, Mutegi nilimsomea. Na Mama Nkirote alikuja hapa wiki ile ile ya mahari. Yeye si alijua kusoma?"

"Alisema nini?"

"Aliuliza kama ina joto. Nikamwambia inalo, ila si kama ya manyoya matupu. Akacheka. Akasema mzee asiambiwe, atarudisha ng'ombe za watu na mtoto ashampenda huyo kijana."

"Na baadaye hakulalamikia baridi?"

"Kwangu hapana."

Nilimwangalia sana. Hakupepesa macho. Lakini hata mwongo anaweza kukosa kupepesa, na Kathure hawezi kuulizwa. Ila hicho kicheko, na hizo ng'ombe za watu, ni yeye kabisa.

Jumamosi Mutegi alikuja, wazee pia. Nilimpa chai. Akasema, "Baba, mbona unaniangalia hivyo?"

"Kunywa," nikamwambia.

Blanketi ilikuwa kitandani kwangu. Sikuitoa.