Matumbawe Aliyoyachukua Mtalaka Wangu

Mume wangu alinunua lile tangi mara tu tulipohamia Sparkhill, huku ughaibuni, kwenye nyumba iliyo mtaa wa nyuma ya Stratford Road. Aliliona kwa rafiki yake, akalipenda, na yeye akipenda kitu hana usingizi mpaka akipate. Siku lilipoletwa, kochi letu lilihamishiwa jikoni ili kioo kipate nafasi sebuleni. Akasimama mbele yake, mikono kiunoni, akaniambia, "Bibi weye, nimekuletea bahari. Usije ukanililia kwenu tena."

Nilicheka. Kwetu ni Jambiani, kusini mwa Unguja. Mama yangu akishuka pwani maji yakipwa, kwenda kuchokoa pweza, nami nikimfuata, tukikanyaga matumbawe wala hatuyatazami. Kwetu sisi yalikuwa mawe ya kujengea nyumba na kuchomea chokaa. Sikupata kufikiri kuwa tumbawe ni kitu kilicho hai, kinachokula na kuugua.

Aliyeuza tangi alimwambia asubiri. Maji ya chumvi yakishatiwa yana vijidudu vyake visivyoonekana, na lazima vikae sawa kwanza, wiki baada ya wiki, ndipo atie samaki. Mume wangu hakusubiri. Jumamosi ile ile alirudi na samaki ndani ya mifuko, na matumbawe ya rangi tusizozijua. Samaki wakafa. Akanunua wengine, nao wakafa. Matumbawe yakapauka yakawa meupe kama mifupa. Baada ya hapo akawa anatazama mpira amelipa tangi mgongo, na mara kwa mara ananiambia, "Litoe hili, linanuka."

Wakati huo nilikuwa nimeumia mgongo. Nilifanya kazi ya kuhudumia wazee, na siku moja nikimnyanyua mama mmoja kitandani nikasikia kitu kimekatika kiunoni. Daktari akaniambia nipumzike. Nikawa nalala chali sebuleni, na mbele yangu lile tangi la mauti. Nilidhani hamna kitu kilichobaki mle, mpaka asubuhi moja nikamwona kamba mdogo, mwekundu, anatoka chini ya jiwe anasafisha masharubu yake. Sijui kwa nini nililia. Nilipoweza kusimama, nilianza kumbadilishia maji.

Aliyenifundisha ni bibi mmoja wa Kizungu, mjane, anayekaa Moseley, ambaye nilimpata kwenye mtandao akigawa vipande vya matumbawe yake. Alinionyesha namna ya kuchuja maji ya bomba, kuyachanganya na chumvi kwenye ndoo, kuyapasha moto na kuyapima kabla ya kuyamimina. Akanikatia vipande vidogo kama ukucha, akavigandisha kwa gundi juu ya vijiwe. "Usitie mkono kila siku," aliniambia. "Wengi wanayaua kwa kuyashughulikia mno."

Kusubiri nilikuwa nakujua. Nilisubiri, na vile vipande vikashika, vikatambaa juu ya mawe. Kimoja kilikuwa kijani chenye ncha za zambarau, kingine kama vidole vya mtoto vinavyopungia. Nikatia samaki mmoja mmoja. Kangaja, samaki bapa wa manjano, alikuwa mgomvi, akinifuata kwenye kioo kila nikipita na ufagio. Samaki wawili wa rangi ya chungwa, wenye mistari myeupe, walitaga mayai yao ubavuni mwa jiwe, na dume akakaa hapo akiyapepea kwa mapezi. Binti yangu, ambaye nikisema naye Kiswahili hunijibu Kiingereza, alijifunza kwangu maneno ya vitu hivyo, akawa akirudi shule ananiuliza, "Mama, matumbawe yamekula?"

Wageni wakija, mume wangu aliwaketisha mbele ya kioo. "Tangi langu hili," akiwaambia. Mimi nilikuwa napita na sinia la chai. Nilidhani ni maneno tu.

Kisha akaoa mke wa pili, mji wa Leicester. Aliniambia mwenyewe, tunakula, kana kwamba ananieleza habari za hali ya hewa. Nilimwambia siwezi, na baada ya miezi ya kelele akanipa talaka, akachukua nguo zake akaondoka. Nyumba ikabaki kwangu na binti yetu. Nilipokwishazoea ukimya, akapeleka maneno msikitini kwamba nimemzuilia mali yake.

Tulikaa katika chumba cha nyuma ya msikiti baada ya sala ya alasiri. Wazee watatu, yeye, na mimi. Mkubwa wao alikuwa mtu mpole, akiniita mwanangu.

"Mwanangu, tangi nani alinunua?"

"Yeye, maalim. Alinunua kioo na pampu. Lakini vilivyo hai alivyonunua yeye vilikufa zamani. Hivi vilivyomo sasa nimevilea mimi."

"Alikukataza kuvilea?"

"Hakunikataza. Aliniambia nivitupe."

Mmoja wao akacheka. Mtalaka wangu akasema, "Maalim, ni samaki hawa. Mtu atasema kawanyonyesha?" Wakacheka wote, hata yule mpole, kisha akajifuta macho akahukumu kuwa chombo ni cha aliyekinunua, na kilichomo ndani hufuata chombo. Nilikuwa nimekwishasema mbele yao kwamba nitakubali watakaloamua.

Mwenzangu kazini, muuguzi Mkenya, aliposikia alishika kichwa. "Dada, mwagia dawa ya choo. Aje abebe supu." Nilitamani. Wallahi, siku ile nilisimama na chupa mkononi. Kangaja akaja kwenye kioo kunigombeza kama kawaida yake, nikairudisha chupa chini ya sinki.

Walikuja na gari, yeye na shemeji yake mpya. Kumbe hawakuleta hata ndoo yenye kifuniko. Wangeliinua tangi na maji yake, lingepasuka mlangoni. Kwa hiyo kazi niliifanya mimi. Niliwavua samaki wangu kwa wavu, nikawatia ndoo zangu, nikazifunika na kuzizungushia blanketi. Nikayang'oa matumbawe jiwe kwa jiwe. Nikamweleza, "Mchanga usiutibue, una sumu chini. Maji haya ya zamani nenda nayo, usitie ya bomba. Leo usiwape chakula." Alikuwa anazungumza kwenye simu. Akaniinulia kidole kwamba nimsubiri amalize, na alipomaliza akasema, "Basi, tumeelewa," akafunga mlango wa gari.

Mgongo uliniuma wiki nzima.

Binti yangu alikwenda kwa baba yake siku za likizo. Aliporudi alivua viatu, akakaa jikoni bila ya kuvua koti. Nikajua.

"Vyote?" nikamuuliza.

"Vyote, Mama. Alisema ndoo zinamchafulia gari, akamwaga maji njiani. Wakatia ya bomba." Alisema kwa Kiswahili, pole pole, akitafuta kila neno. "Sasa ametia samaki wa dhahabu. Wa maji baridi."

Nilimkuta mtalaka wangu mwenyewe, kaja kutoka Leicester, kwenye duka la nyama Stratford Road, Ramadhani ikikaribia, watu wamejaa mpaka nje. Akanisalimia vizuri, kama jirani. "Lile tangi lako lina mkosi," akasema. "Vitu vyote vilikufa. Ungeniambia mapema kuwa kazi yake ni kubwa hivyo."

"Nilikwambia."

"Hukusema hivyo."

Mwenye duka akaniuliza nataka mguu au mbavu. Nikasema mbavu, nikangoja akate, nikamlipa. Nilipogeuka, mtalaka wangu alikuwa anamchekea mtu mwingine.

Watu wananiambia nimsamehe, mwezi mtukufu huo unaingia. Suala la mke wa pili limeshatulia moyoni mwangu, hata jina la yule mwanamke nalitaja bila ya kuungua. Lakini wale samaki nikiwakumbuka ndani ya ndoo, katikati ya barabara, maji yanamwagwa, siwezi. Nimejaribu na siwezi.

Sebule sasa ni chumba cha kulala cha binti yangu, kwa sababu amekua na anataka mlango wake mwenyewe. Nimemwomba asinieleze tena habari za nyumba ya baba yake, naye hanielezi. Akirudi kutoka huko namwandalia chakula, tunakula, tunazungumza habari za shule.