Uso uliotulia mno

Leo zahanatini hapa Buswelu nimepiga kelele kabla spiriti haijagusa kidonda.

Muuguzi akacheka. "Baba, hata sijakugusa!"

Nimerudi nyumbani nikafungua shajara yangu ya miaka ya tisini. Jumanne ile bado ipo.

Nilikuwa kibarua kwenye kiwanda cha minofu ya sangara. Kila asubuhi getini tulitumbukiza mikono kwenye beseni la maji ya dawa, msimamizi akitutazama usoni. Ukikunja uso, una jeraha, huingii. Ukikosa siku tatu, jina linafutwa.

Jumatatu kisu cha humohumo kiwandani kilinikata kidole gumba.

Nikajizoeza nyumbani kwa maji ya chumvi, mbele ya kioo, mpaka uso ukatulia.

Jumanne kwenye foleni nilikuwa na kibarua mwenzangu, Mama Koku, mbele yangu. Akanong'ona, "Kijana, unaficha kidole. Watakuona!"

Yeye akatumbukiza mikono, akakunja uso. Akapita! Sikuelewa.

Zamu yangu. Maji yaliniunguza mpaka kwapani, lakini uso haukusogea hata kidogo.

"Simama hapo," msimamizi akasema. "Leo dawa imezidi, wote wamekunja uso. Wewe peke yako umetulia. Hebu lete hicho kidole."

Akaliona jeraha, akanizuia. Nikavua buti za kiwanda palepale getini. Akazivaa aliyekuwa nyuma yangu, aliyepewa nafasi yangu, zikiwa bado na joto langu.

Ijumaa jina langu halikuitwa.

Kwa hiyo muuguzi, nisamehe kelele.

Na nyinyi, mngeweka uso gani?